Kawali ni Nini Hasa, na Mbona Mstari Mmoja Unarudiwa Hivyo?

Kila Mfungo Sita ukiandama, makundi ya WhatsApp hujaa maulidi. Katikati ya kasida za madrasa na video za dufu, mara huchomoza kipande cha aina nyingine: wanaume kama kumi hivi wameketi juu ya zulia, mmoja amefumba macho na mkono kaunyosha juu, walio nyuma yake wanapiga makofi bila kukosea hata pigo moja, na wazee wenye mvi wanainuka mmoja mmoja kwenda kutoa noti. Chini yake ndipo ugomvi unapoanza. "Hii ibada ya Wahindi." "Wahindi gani, hao Waislamu wa Pakistan." "Uislamu upi wa kutunzana pesa?" "Anataja mvinyo huyo, sikilizeni vizuri." "Mbona hii ilikuwamo kwenye filamu ya Amitabh?"

Ajabu ni kwamba karibu kila mmoja wao ana chembe ya haki.

Kawali, ambayo mitandaoni utaikuta imeandikwa qawwali, ni uimbaji wa mashairi ya kisufi uliokulia Bara Hindi, yaani nchi tunazoziita leo India, Pakistan na Bangladesh. Masufi ni Waislamu wanaofuata njia ya malezi ya moyo chini ya sheikh, kwa dhikiri, nyiradi na adabu, wakitaka kumjua Mungu kwa kuonja na si kwa kusoma peke yake. Njia hizo ndizo tarika, na msomaji wa pwani yetu anazijua kwa majina: Qadiriya, Shadhiliya, Alawiya, Rifaiya. Kawali imelelewa zaidi na tarika ya Chishtiya, iliyopata jina lake kutokana na mji mdogo wa Chisht karibu na Herat, Afghanistan. Aliyeipandikiza India ni Khwaja Moinuddin Chishti, aliyefariki mwaka 1236 na kuzikwa Ajmer, Rajasthan, mahali ambapo mpaka leo wanazuru Waislamu, Wahindu na Masingasinga kwa pamoja.

Kuna maneno mawili utakayokutana nayo kila mara. Dargah ni kaburi la walii pamoja na majengo na uwanja wake. Urs ni kumbukumbu ya kila mwaka ya kufariki kwake, ile ambayo kwetu huitwa hauli. Maana yake ni harusi, kwa kuwa masufi huihesabu siku hiyo kuwa walii amekutana na Mpenzi wake. Ya Ajmer hufanyika siku sita za mwanzo za mwezi wa Rajabu. Ukiishika picha hiyo ya harusi, mashairi mengi yatakayokuja huko mbele hayatakushangaza.

Sasa jambo lenyewe. Watu wengi huitazama kawali kama tamasha: kuna msanii, kuna hadhira, msanii anaonyesha, hadhira inashangilia. Wenyewe hawaioni hivyo. Kikao cha aina hii huitwa samaa, na samaa ni kusikiliza. Anayefanya kazi ya kiroho pale ni msikilizaji. Mwimbaji, awe na sauti ya kupasua ukuta, ni mhudumu. Kazi yake ni kumtafuta mtu mmoja pale mbele ambaye mstari umemgusa, na akishampata, asimwachie.

Tazama kikao kinavyopangwa. Kwenye dargah ya Nizamuddin mjini Delhi, jioni ya Alhamisi baada ya sala ya magharibi, waimbaji huketi uwanjani wakielekea kaburi. Mbele anakaa kiongozi na msaidizi wake pamoja na hamoniamu, kile kinanda cha sandukuni ambacho mkono mmoja unakisukumia upepo na mwingine unabonyeza. Chombo hicho kililetwa na Wazungu katika karne ya 19, kwa hiyo hakina uzee ambao watu hukipa. Pembeni kuna tabla, jozi ya ngoma ndogo, au dholak, ngoma ya mviringo yenye nyuso mbili. Nyuma ni safu ya waitikiaji, ambao makofi yao ni ala kamili. Mara nyingi safu hiyo huwa na kijana mdogo au wawili, watoto na wapwa wa kiongozi. Hawako pale kwa mapambo. Kawali hurithiwa ndani ya ukoo, na darasa lake la kwanza ni kukaa nyuma, kupiga makofi na kuitikia mpaka mashairi yazame.

Kikao kina adabu ya mpangilio. Ala hulia kwanza peke yake, kisha huja hamdi ya kumsifu Mungu, kisha naati ya kumsifu Mtume, kisha sifa za Ali bin Abi Talib na za mawalii. Hapo ndipo wanapoingia kwenye mashairi ya mapenzi na ya kufarikiana. Kuna kauli mashuhuri ya Mtume kuhusu Ali, ile ya "ambaye mimi ni maula wake, Ali ni maula wake", ambayo imetiwa sauti na huimbwa sana mwanzoni mwa vikao. Wengi wakiisikia huhitimisha kuwa hawa ni Mashia. Chishtiya ni tarika ya Kisunni. Sababu ya Ali kutajwa hivyo ni kwamba silsila, yaani minyororo ya masheikh, za tarika karibu zote, zikiwamo za kwetu, humfikia Mtume kupitia kwake.

Tuchukue mstari mmoja tuone unavyofanyiwa kazi. Kuna shairi la lahaja ya Kihindi ya zamani linalonasibishwa na Amir Khusrau, ambaye tutamrudia hivi punde. Anayesema ndani yake ni mwanamke, na maana ya mstari wake wa kwanza ni kwamba umeninyang'anya kila alama yangu, hata ile ya kwenye paji la uso, kwa kunitazama jicho kwa jicho. Kiongozi huuimba mzima mara moja, safu ya nyuma ikaupokea. Anaurudia, safari hii anakata nusu na kuacha nusu ya pili iwaniwe na waitikiaji. Anarudi tena, analivuta neno la "kutazama" mpaka linajaa pumzi nzima. Kisha ghafla anauacha wimbo, anaingiza beti mbili za shairi jingine kabisa, pengine la Kiajemi, pengine la Kipunjabi, linalozungumzia jicho lile lile, na beti hizo zikimalizika anajikuta amerudi kwenye mstari wa mwanzo kana kwamba hakuondoka. Ufundi huo huitwa girah, fundo, na ndio unaotenganisha mwimbaji mwenye kichwa na mwenye koo tu. Anayefunga fundo vizuri lazima awe amehifadhi mashairi ya lugha nne au tano na ayakumbuke papo kwa papo, huku mikono ikiwa kwenye kinanda na macho yakiwa kwa watu.

Kwa watu, ndiyo. Hapo katikati kuna mzee kaanza kutikisa kichwa. Mwingine machozi yanamtoka. Kiongozi akiona hivyo hasongi mbele. Hurudi kwenye maneno yale yale yaliyomgusa yule mzee na kuyarudia, mara kumi, mara ishirini, mara zaidi. Wasikilizaji wakitaka kuutamka mshangao wao watasema "wah!" au "subhanallah". Mzee akiinuka kwa jazba, adabu ni kwamba sheikh anayeongoza kikao huinuka naye, na wote waliokaa huinuka. Mstari haubadilishwi mpaka atulie. Kuubadilisha mapema ni kama kumwacha mtu katikati ya mto.

Hapa ndipo msomaji wa Unguja au Mombasa ana faida kuliko wengi. Amehudhuria taarabu. Ameona mwanamke akiketi kimya nyimbo tatu, na wa nne ukimfikia mstari wake, akainuka na kanga yake kwenda kumtunza mwimbaji, na kila mtu ukumbini akajua mstari huo umempata. Anatunza kwa sababu ya maneno, na mwimbaji mjuzi huyarudia maneno hayo huku akimtazama. Kwenye kawali pesa hutoka kwa sababu hiyo hiyo, huitwa nazrana, na ndiyo riziki ya waimbaji. Tofauti iko kwenye njia. Kwenye kikao cha dargah kinachoshika adabu, mtoaji hampi mwimbaji. Huipeleka noti kwa sheikh kwa mikono miwili, sheikh huigusa na kuisogeza kwa waimbaji. Ile ya kumwaga noti juu ya vichwa mpaka zulia halionekani ni ya kwenye harusi na majukwaa. Video nyingi zinazozunguka ni za aina hiyo ya pili, na wanaoihukumu kawali yote kwa noti zinazopeperuka wanahukumu harusi ya mtu.

Kurudia mstari kuna kisa chake, na wafuasi wa Chishtiya hukisimulia mpaka leo. Qutbuddin Bakhtiyar Kaki, mwanafunzi mkuu wa Moinuddin, alikuwa kwenye kikao cha samaa mjini Delhi mwaka 1235. Mwimbaji akafika kwenye beti moja ya Kiajemi ya sheikh Ahmad-i Jam, inayosema kwamba waliouawa kwa jambia la kujisalimisha hupata kila dakika uhai mpya kutoka ghaibu. Sheikh akashikwa na hali. Kwa mujibu wa simulizi, alikaa hivyo siku nne mchana na usiku. Wakati wa sala ukiingia alizinduka na kusali, akimaliza aliomba beti hiyo irudiwe. Akafa nayo. Kaburi lake liko Mehrauli, Delhi, na linazuriwa.

Unaweza kukiamini kisa hicho neno kwa neno au usikiamini. Hata hivyo kinatuambia masufi hawa walikuwa wanatafuta nini: hawakuwa wanatafuta burudani, kwa sababu hakuna anayeomba burudani imuue. Na angalia kuwa kisa hakikusahau sala. Aliyekitunga, kama kimetungwa, alijua watu watauliza.

Sasa mvinyo. Mashairi ya kawali yamejaa vilabu, mnyweshaji, kikombe na ulevi. Yamejaa pia wanawake warembo, bangili, nywele zinazofunika uso, na kugombana na mpenzi asiyekuja. Hii ni lugha ya ushairi wa Kiajemi, iliyokuwa na karne kadhaa kabla ya kufika Delhi. Mvinyo ni mapenzi ya Mungu yanayomtoa mtu kwenye hesabu zake za kila siku. Mnyweshaji ni sheikh anayekunywesha. Ulevi ni kusahau nafsi. Masufi wa India wakaongeza jambo lao kutoka kwenye nyimbo za vijijini walizozikuta: anayesema kwenye shairi akawa mwanamke, bibi harusi anayemngoja mume. Ndiyo maana utaona mwanamume mnene mwenye masharubu akiimba kuwa bangili zake zimevunjika na mpenzi hajarudi, na hakuna anayecheka. Roho ndiyo bibi harusi.

Nitaongeza kwamba mashairi hayo yameachwa na mlango wazi kwa makusudi. Mtu aliyeachwa na mchumba atalia kwa sababu yake, na sufi aliyekaa ubavuni mwake atalia kwa sababu nyingine, wimbo ukiwa mmoja. Masufi wenyewe wana majina ya mapenzi hayo mawili, ya kimajazi, yaani ya mtu kwa mtu, na ya kihakika, yaani ya mtu kwa Mungu, na wengi wao huyaona ya kwanza kama ngazi ya kufikia ya pili. Kwa hiyo anayesema "hizi ni nyimbo za mapenzi tu" hajakosea sana.

Amir Khusrau ndiye jina utakalolisikia zaidi, na ndiye aliyezungukwa na porojo nyingi zaidi. Alizaliwa mwaka 1253, akawa mshairi wa makasri ya masultani wa Delhi na wakati huo huo muridi wa Nizamuddin Auliya, sheikh wa Chishtiya ambaye hakupenda kukanyaga kasri. Wote wawili walifariki mwaka 1325. Husimuliwa kwamba Khusrau alikuwa safarini Bengal wakati sheikh wake alipofariki. Aliporudi alikaa kwenye msiba wake, na baada ya miezi michache akafuata. Amezikwa hatua chache kutoka kwa sheikh, ndani ya uwanja ule ule, na ada ya wazuru wengi ni kumsalimia Khusrau kwanza ndipo waende kwa sheikh.

Huambiwa ndiye aliyebuni kawali, sitari na tabla. Kwa sitari na tabla hakuna ushahidi wa zama zake, na ala hizo zinaonekana kwenye historia karne nyingi baadaye. Kwa kawali, wazo la samaa lilikuwapo kabla hajazaliwa, kama kisa cha Bakhtiyar kinavyoonyesha. Mashairi yake ya Kiajemi yameandikwa na yanajulikana. Ya Kihindi yanayoimbwa kwa jina lake yamepita mdomo kwa mdomo, na wataalamu hawakubaliani ni yapi kweli yake. Kisicho na shaka ni kwamba zipo koo za waimbaji, za Delhi na zilizohamia Karachi, zinazojihesabu kuwa zimetokana na wanafunzi aliowafundisha, na mtindo wao wa kuimba unafuata mapokeo hayo.

Tuje kwenye swali linalochoma watu zaidi: ni halali? Makala hii haitoi fatwa, lakini inaweza kuonyesha mahali mgogoro ulipo, maana si pale watu wanapodhani. Wanaopinga hutegemea hadithi iliyo katika Sahihi ya Bukhari inayowataja watu watakaohalalisha ala za muziki. Wanaoruhusu huleta hadithi nyingine, nayo imo kwa Bukhari, ya vijakazi wawili walioimba siku ya Idi nyumbani kwa Bibi Aisha, Mtume yupo, na Abubakar alipowakemea Mtume akamwambia awaache. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika sehemu nzima kuhusu samaa katika kitabu chake cha Ihya, na hoja yake kwa ufupi ni kwamba sauti nzuri hutikisa kilichomo tayari moyoni: mwenye mapenzi ya Mungu humzidishia, mwenye matamanio humzidishia pia. Kwa hiyo hukumu yake inategemea nani anasikiliza, nini, wapi na pamoja na nani.

Ugomvi huu ulifika hata Delhi ya Nizamuddin. Sultani Ghiyasuddin Tughluq, aliyetawala 1320 mpaka 1325, alimwita sheikh mbele ya wanazuoni ajieleze kuhusu samaa. Na hapa kuna jambo ambalo wapenzi wa kawali wengi hawalijui, au wakilijua hulipitia haraka. Nizamuddin aliweka masharti, na muridi wake Hasan Sijzi ameyaandika: anayeimba awe mwanamume mtu mzima, anayesikiliza awe anamkumbuka Mungu, kinachoimbwa kisiwe cha upuuzi, na ala za muziki zisiwepo. La mwisho lisome tena. Kikao cha leo chenye hamoniamu na tabla, kando ya kaburi lake mwenyewe, hakitimizi sharti la mwenye kaburi. Wafuasi wa baadaye wamelijadili na wengi wamelilegeza, wakisema ala ni msaada tu wa kubeba maneno. Wengine ndani ya tarika hiyo hiyo bado wanalishika.

Kwa hiyo mstari wa mgawanyiko hauko baina ya "masufi" na "wasio masufi". Wanaqshbandi, ambao ni masufi kamili, kwa jumla huelekea dhikiri ya kimya na wengi wao hawataki muziki. Wamevlevi wa Uturuki, wale wanaozunguka na majoho meupe, wana samaa yao yenye zumari, na haihusiani na kawali ingawa kwenye mitandao video zao hubandikwa jina hilo.

Wengi wetu tulikutana na kawali kupitia sinema. Waliokuwa wakijaza Majestic ya Unguja au Avalon ya Dar es Salaam enzi za filamu za Kihindi wanakumbuka ile ya mwaka 1977, Amar Akbar Anthony, ambamo Rishi Kapoor anaimba kawali jukwaani akimlenga msichana aliyefunika uso ukumbini. Hiyo ni kawali ya filamu. Imechukua makofi, kiitikio na kurudia mstari, ikaviweka kwenye uchumba na mara nyingi kwenye mashindano ya kundi la wanaume na la wanawake. Ni sanaa nzuri na ina historia yake, ila ukiitumia kumwelewa mwimbaji wa dargah utapotea. Filamu ya Rockstar ya mwaka 2011 ilifanya kinyume: ilipeleka kamera kwenye dargah ya Nizamuddin yenyewe, na wimbo uliotoka humo ndio uliowafikisha vijana wengi mlangoni.

Kabla ya hapo kulikuwa na mtu mmoja aliyeufungua mlango huo kwa dunia nzima, Nusrat Fateh Ali Khan. Alizaliwa mwaka 1948 katika mji wa Lyallpur, sasa Faisalabad, Pakistan. Ukoo wake ulikuwa umehama kutoka Jalandhar wakati India ilipogawanywa mwaka 1947, mgawanyiko uliozihamisha koo nyingi za waimbaji wa kawali kwenda upande wa pili. Baba yake, naye mwimbaji mashuhuri, hakutaka mtoto afuate kazi hiyo. Alimtakia udaktari. Baba akafariki mwaka 1964, na kufikia 1971 Nusrat alikuwa anaongoza kundi la ukoo. Mwaka 1985 aliimba kwenye tamasha la WOMAD huko Uingereza mbele ya watu ambao wengi wao hawakujua neno hata moja la Kipunjabi, kisha akarekodi na Real World, kampuni ya muziki ya mwimbaji Mwingereza Peter Gabriel. Alifariki London mwaka 1997 akiwa na miaka 48.

Hakuwa wa kwanza kutoka nje. Kundi la ndugu wa Sabri wa Karachi lilikuwa limeshaimba Carnegie Hall, New York, mwaka 1975. Nusrat alichofanya ni kuongeza kasi na kutumia zaidi sargam, yaani kuimba majina ya sauti badala ya maneno, kwa mbio ambazo hata asiyejua lugha hushikwa nazo. Baadhi ya wazee walilalamika kwamba sarakasi za koo zinayafunika maneno, na kwa maoni yangu malalamiko yao hayakuwa wivu mtupu. Ukishalenga msikilizaji asiyeelewa mstari, huwezi tena kumtafuta yule mmoja ambaye mstari umempata. Unabaki na sauti. Sauti ya Nusrat ilitosha, lakini waliomwiga wengi wao haikuwatosha.

Swali la wanawake hujitokeza pia. Kwenye dargah waimbaji ni wanaume kwa mapokeo. Abida Parveen wa Sindh, ambaye wengi humwita malkia wa kawali, kwa sehemu kubwa huimba kafi, mashairi ya kisufi ya Sindh na Punjab, akiwa peke yake bila safu ya makofi nyuma. Undugu upo, lakini ni fani nyingine.

Kupendwa huku hakukuleta usalama. Mwaka 2010 dargah ya Data Darbar huko Lahore, Pakistan, ililipuliwa, na Februari 2017 ikafuata dargah ya Lal Shahbaz Qalandar huko Sehwan, Sindh, ambako watu zaidi ya 80 waliuawa. Katikati ya matukio hayo, Juni 2016, ndani ya Ramadhani, Amjad Sabri, mtoto wa ndugu mkubwa wa wale wa Carnegie Hall, alipigwa risasi ndani ya gari lake mjini Karachi. Kundi la Taliban wa Pakistan lilidai kuhusika. Siku moja baadaye maelfu ya watu walijaa barabarani kumzika. Mjadala wa halali na haramu, ambao kwenye simu zetu huishia kwenye vikaragosi vya hasira, huko una makaburi.

Na huku kwetu? Watu huuliza mbona tarika zetu hazina kawali ilhali Wahindi tumeishi nao miaka yote. Jibu liko kwenye njia tarika zilizopitia. Alawiya ya Lamu ilitoka Hadhramaut, Qadiriya iliyoenea Unguja na bara ilibebwa na masheikh kama Uwais wa Barawa, Shadhiliya ilipitia Ngazija. Hizo zilikuja na dufu, kasida, maulidi ya Barzanji na dhikiri ya hadhara, ambamo kila aliyepo anatikisika na kutamka kwa pumzi moja. Mfumo wa mmoja kuimba na wengine kuguswa haukuwa na nafasi tupu ya kujaza. Kawali ilibaki kwenye jamii za Waislamu wenye asili ya Bara Hindi. Kilichovuka ni ala na lahani: taarabu ya Mombasa iliipokea hamoniamu na ngoma za Kihindi, na Juma Bhalo alijenga jina lake kwa kutia maneno ya Kiswahili kwenye lahani za nyimbo za Kihindi.

Anayetaka kusikiliza mwenyewe aachane na vipande vya dakika moja. Wimbo wa kawali ukiachiwa huchukua dakika 15 mpaka 30, na Aziz Mian, aliyefariki mwaka 2000, ana mmoja unaopita saa moja na nusu. Dakika tano za mwanzo huenda zikakuchosha, kwa sababu hapo mwimbaji anapima tu watu waliokaa mbele yake. Kwa mwanzo ningemwelekeza mtu kwa Fareed Ayaz na Abu Muhammad wa Karachi, ndugu wa mojawapo ya zile koo zinazojinasibisha na wanafunzi wa Khusrau. Chagua video zao za vikao vya majumbani, zenye tafsiri chini, kuliko za studio. Fareed Ayaz ana mazoea ya kukatiza wimbo katikati, akaueleza mstari kwa maneno ya kawaida kama mwalimu, akataja na shairi jingine linalofanana nao, ndipo akaendelea.